Shajara: kuhesabu pande za seli kwa tango, sabuni na lava, hapa Goma

Naandika hii ju kuko watu wameniomba zaidi ya mara moja "utupe vile ulifanya", na kila nikieleza kwa mdomo naruka sehemu zenye maana, yaani pale nilipokosea. Humu nimefanya kinyume: kazi ya kawaida fupi, makosa marefu. Nafundisha biolojia na kemia sekondari, darubini ya shule lenzi zake ziliota kuvu kitambo, pesa zote zimetoka mfukoni mwangu (hesabu iko mbele). Swali lenyewe ni dogo: ukiangalia wavu wowote wa asili, ngozi ya tunda, povu la sabuni, nyufa, kila chumba kina pande ngapi, na nani anakaa jirani na nani? Nilianza nikidhani jibu ni "sita kama masega ya nyuki" na nitamaliza wikendi moja. Imechukua miezi mitatu.

9 Julai 2022: kitunguu

Vifaa: fundi wa redio pale Birere aliniuzia kisomeo cha CD kilichokufa, franga 2,000 za Kongo, ndani yake kuko kalenzi kadogo kama punje ya mtama. Unakatoa polepole na kipini, unakabandika na skochi mbele ya kamera ya simu, basi una darubini. Chini unaweka kipande cha kioo, chini ya kioo tochi ya simu nyingine iliyofunikwa karatasi nyeupe ili mwanga usichome. Inaona vizuri katikati tu, pembeni yote ni ukungu, kumbuka hiyo itatusumbua baadaye.

Kitunguu ndicho kila mwalimu anaanza nacho: unachuna ile ngozi nyembamba ya ndani, tone la iyodi, foto. Ikatoka safi, seli ndefu ndefu zimelala kama matofali. Nikahesabu pande: nne, nne, nne, nne. Nikaandika kwenye kaye (daftari) "wastani 4" na nikakasirika kidogo, ju nilishaahidi wanafunzi kwamba itatoka sita.

Jumatatu nyuma ya nyumba kulikuwa fundi anajenga ukuta wa jirani na bloku, nimekaa na chai namwangalia tu. Akaweka bloku moja juu ya kiungo cha bloku mbili, kama kawaida, asipofanya hivyo ukuta unapasuka. Hapo nikaona. Bloku moja katikati ya ukuta inagusa moja kushoto, moja kulia, mbili juu, mbili chini. Sita! Kona zake nne, majirani wake sita. Mimi nilihesabu kona za mchoro, na nilichokuwa natafuta ni majirani. Nikarudi kwa foto ileile ya kitunguu, nikahesabu upya kwa kuuliza "huyu anagusana na wangapi", zikatoka tano, sita, saba, na sita nyingi zaidi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza kwa yeyote anayetaka kurudia: upande ni kipande cha ukuta kati ya sehemu mbili ambapo seli tatu zinakutana. Hata kama ukuta umenyooka kabisa, kama katikati yake unaingia ukuta wa jirani, hizo ni pande mbili. Andika kwenye kaye kabla ya kuanza.

16 Julai: tango

Kitunguu ni kirefu mno kwa upande mmoja nikataka kitu kilicholingana zaidi. Tango sikulichagua kwa bahati: Frederic Lewis wa Harvard alitumia ngozi ya tango mwaka 1928 na kuko sheria inaitwa kwa jina lake hadi leo, nitaifikia.

Kuchuna ngozi ya tango ilishindikana, inakatika au inabeba nyama ya kijani chini yake na foto inakuwa supu. Nikajaribu wembe, nikajikata. Dawa ilitoka kwa mwanafunzi mmoja wa kike aliyesema tu "profu, si upake verni". Verni ya kucha isiyo na rangi, franga 1,500. Unapanguza tango, unapaka safu nyembamba sana, unangoja dakika 20, unabandika skochi juu na kuvuta, ile verni inatoka na alama ya kila seli kama muhuri. Unaibandika kwa kioo, unaweka mwanga kwa pembeni, si kutoka chini. Mwanga wa chini unapita moja kwa moja, hauoni kitu. Hii ya mwanga ilinila jioni nzima.

Ukipaka verni nene inavuta mapovu ya hewa na utahesabu mapovu ukidhani ni seli. Mimi nilihesabu 11.

30 Julai: kwa nini haifiki sita?

Foto ya kwanza nzuri: seli 118. Wastani: 5.31.

Sasa hapa lazima nieleze kwa nini 5.31 ilinikosesha usingizi. Sita si kitu cha kupimwa kama homa ya mtoto, sita ni ya lazima. Euler, mwanahesabu wa karne ya 18, alishaonyesha kwamba kwa wavu wowote uliochorwa juu ya karatasi, idadi ya vifundo (pale kuta zinakutana) ukitoa idadi ya kuta ukijumlisha idadi ya vyumba inabaki moja tu (au mbili ukihesabu na nje yote). Kama kwa kila kifundo kunakutana kuta tatu, na kila ukuta unagawanywa na vyumba viwili, ukifanya hesabu unapata kuta ni karibu mara tatu ya vyumba, na ju kila ukuta unahesabiwa na vyumba viwili, kila chumba kina pande karibu sita kwa wastani. Karibu ju ya ukingo tu. Haijalishi ni tango, ni nzi, ni sabuni, ni seli kubwa au ndogo. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimegundua asili inapenda namba sita ju wastani ni sita", hajagundua kitu, amehesabu tu vizuri. Na mimi sikuwa nimehesabu hata vizuri.

Kosa lilikuwa ukingo wa foto. Kati ya seli 118, seli 38 zilikatwa na ukingo, na mimi nilihesabu pande zao zinazoonekana tu. Nikaweka kwenye fomula ya Euler: 6 mara 118, toa 6, toa 38 mara mbili, unapata 626, gawanya kwa 118, inakuja 5.31 ileile. Yaani tango halikukosa kitu, ni mkasi wa foto.

Nikafuta zote zilizokatwa nikabaki na 80 nzima. Wastani 5.86. Afadhali, ila bado, na safari hii sikuelewa kabisa.

7 Agosti: yaya wangu wa labo

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ni fundi wa maabara, kazi yake ni kuhesabu damu. Jumapili alikuja kula, akakuta makaratasi mezani.

"Weye mudogo, njo nini hii?"

Nikamweleza, kwamba nimefuta zilizokatwa. Akacheka. "Ukifuta zote zenye kugusa mustari, unafuta zile zikubwa zaidi. Kubwa njo inagusaka mustari mbiyo. Sie kwa labo tunahesabu zenye kugusa mustari ya yulu na ya kushoto, za chini na za kuume tunaacha. Hata mwanafunzi wa stage anajua."

Nilinyamaza kidogo. Ana haki kabisa: seli kubwa ina nafasi kubwa ya kukatwa na ukingo, na seli kubwa ndizo zenye pande nyingi, kwa hiyo ukitupa zilizokatwa unatupa zaidi saba na nane, wastani unashuka. Kwa vitendo: chora fremu ndogo ndani ya foto, acha nafasi ya kutosha nje yake ili hata seli inayovuka mstari uione yote. Hesabu zilizo ndani pamoja na zinazogusa mstari wa juu na wa kushoto. Inayogusa wa chini au wa kulia, hata kwa kapembe kadogo, acha, hata kama inagusa na wa juu.

Nikarudia foto tano kwa njia hiyo. Jumla seli 312:

pande 4: seli 9
pande 5: seli 83
pande 6: seli 141
pande 7: seli 63
pande 8: seli 15
pande 9: seli 1

Wastani 5.98. Nilimtumia yaya ujumbe, akajibu "unanilipa nini".

13 Agosti: si wastani, ni mtawanyiko

Sasa kama sita ni ya bure, habari iko wapi? Iko kwa vile namba zinavyotawanyika kuzunguka sita. Kipimo chake ni rahisi: kwa kila seli toa 6, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha zote, gawanya kwa idadi. Tango langu: 251 gawanya 312, yaani 0.80. Masega kamili ya nyuki yangetoa sifuri.

Na asilimia: tano 26.6, sita 45.2, saba 20.2. Hapo ndipo nilipopata baridi kidogo mgongoni, ju mwaka 2006 Gibson na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hesabu inayotabiri tano 28.9, sita 46.4, saba 20.8, bila kupima kitu, kwa kufikiria tu seli zinavyogawanyika, wakalinganisha na nzi wa matunda, chura na haidra (kanyama kadogo ka majini). Sasa tango la soko la Virunga la franga 500 linakaribia humohumo.

Ujanja wao unaweza kuuchora kwa chaki. Chukua seli ya pande sita, ikate katikati kwa ukuta mpya unaogonga pande mbili. Zile pande mbili zilizogongwa kila moja imekuwa mbili, sasa ni nane, na ukuta mpya unahesabiwa na watoto wote wawili, sasa ni kumi. Watoto wawili wa pande tano tano. Na majirani wawili ambao ukuta wao umegongwa kila mmoja ameongezeka upande mmoja. Ukijumlisha yote, kabla na baada, zimeongezeka pande sita na seli moja. Kila mtoto mpya anakuja na sita zake. Kwa hiyo kugawanyika kunazaa tano kila siku, na kunasukuma majirani kwenda saba, nane, mpaka nao wagawanyike. Darasa la sita walikuja wenyewe ubaoni wakakata seli kwa dakika 40, mmoja akatengeneza pembetatu ikabidi tujadili kama seli inaweza kukata pembeni namna hiyo. Tuliondoka bila kukubaliana.

21 Agosti: eneo, na programu iliyonidanganya

Sheria ya Lewis: kwa wastani, eneo la seli linaongezeka kwa hatua sawa kila ikiongezeka upande mmoja. Kuipima lazima ujue eneo. Nikashusha ImageJ, programu ya kupima picha (bure, megabaiti ndizo si bure, franga 3,000) nikaiambia itafute kuta yenyewe. Ikanipa seli 540 kwa foto yenye 90. Mwanga ulikuwa wa upande mmoja, kila seli upande mmoja unang'aa na mwingine kivuli, yeye anaona mbili. Nikageuza vipimo usiku tatu, umeme unakuja na kwenda, betri ya kompyuta yangu ni saa moja na nusu. Niliacha.

Dawa: nikachapisha foto sekretaria (duka la kuchapisha) kwa franga 200 moja, nikaweka juu plastiki inayopitisha mwanga, nikachora kuta kwa mkono na kalamu nyeusi, nikapiga foto ya mchoro. Mchoro mweusi kwa mweupe ImageJ anausoma bila shida. Polepole, lakini inamalizika. Mwenye macho mazuri na mtoto mvumilivu wa kumsaidia ataweza seli 100 kwa saa mbili.

Eneo kwa kulinganisha na wastani wa zote: pande nne 0.52, tano 0.77, sita 1.00, saba 1.26, nane 1.49. Kila upande ni karibu robo. Nilichora kwenye karatasi ya milimita, mstari unanyooka kiasi kwamba mke wangu aliuliza kama nimetumia rula. (Pande tisa sikuweka, ni seli moja, seli moja haisemi kitu.)

4 Septemba: majirani wote ni zaidi ya sita??

Hii ndiyo iliyonichosha kuliko zote, na ndiyo naipenda kuliko zote.

Swali: seli ya pande chache inazungukwa na nani? David Aboav aliona mwaka 1970, kwa punje za vitu vya fuwele, kwamba wenye pande chache wanapenda kukaa na wenye pande nyingi, na Denis Weaire mwaka 1974 akaweka hesabu yake. Mimi nikachukua kila seli, nikaandika wastani wa pande za majirani zake. Nne: majirani 6.7. Tano: 6.4. Sita: 6.1. Saba: 6.0.

Mwelekeo safi, unashuka kama walivyosema. Lakini ngoja. Karibu zote ni zaidi ya sita, na seli zenyewe wastani wao ni 5.98. Majirani ni seli zilezile! Itakuwaje wastani wa majirani uzidi wastani wa wote? Nikahisi nimekosea tena kwa ukingo. Nikahesabu upya foto mbili kutoka sifuri. Zikatoka vilevile. Usiku wa pili nikahisi nimekosea Excel, nikafanya kwa mkono kwenye kaye. Vilevile.

Jibu likaja nikiwa nimekwenda kununua makala (makaa). Yule mama wa makala wa kona yetu, ukiuliza kila nyumba ya avenyu "nani mnafahamiana naye hapa", atakuwa kwenye orodha ya kila nyumba. Mzee fulani anayejifungia hatajwi na mtu isipokuwa na nyumba mbili. Kwa hiyo ukikusanya majina yote yaliyotajwa, wenye kufahamika na wengi wanarudi mara nyingi, na inaonekana kama avenyu nzima imejaa watu maarufu. Seli ya pande nane inahesabiwa na majirani wanane, ya pande nne inahesabiwa mara nne tu. Sikuwa nimekosea chochote. Weaire alishaandika hilo kwa hesabu: zidisha pande za kila seli na wastani wa majirani zake, chukua wastani wa hiyo, lazima upate 36 ukiongeza ule mtawanyiko. Kwangu 36.8. Gawanya kwa sita: 6.13. Nimeiangalia ile 6.13 muda mrefu sana kwa mtu mzima.

Anayerudia: usipoteze usiku mbili kama mimi. Ikitoka chini ya sita ndipo uogope.

18 Septemba: sabuni

Nikataka wavu ambao haugawanyiki, unakufa tu. Povu la sabuni katikati ya vioo viwili.

Jaribio la kwanza, vioo nimesimamisha ukutani, nafasi kati yake kizibo cha chupa. Makosa mawili kwa pigo moja: maji yakashuka yote chini, mapovu ya juu yakakauka na kupasuka, na nafasi ni pana mno mapovu yakapandana tabaka mbili huwezi kujua nani jirani wa nani. La pili, nimelaza vioo, katikati njiti za kiberiti, pembeni nimefunga kwa nta ya mshumaa. Likakaa. La tatu nikainua kioo cha juu kwa haraka, krak, franga 3,000. La nne ndilo la foto.

Lililonivutia si hesabu, ni povu moja. Saa moja na dakika kumi ya jioni lilikuwa na pande tano, kuta zake zimevimba kidogo kwenda nje. Lazima zivimbe: Plateau yule Mbelgiji alishaonyesha karne ya 19 kwamba kuta tatu za sabuni zinakutana kwa nyuzi 120, na pembe za umbo la pande tano zenye kuta zilizonyooka ni 108 tu, kwa hiyo ukuta unapinda ili 120 itimie. Ukuta uliopinda nje maana yake ndani kuna shinikizo zaidi, hewa inavuja kwenda kwa majirani. Saa mbili kasoro dakika ishirini likawa na pande nne. Umeme ukakatika, nikawasha tochi, watoto wamelala kifudifudi kuzunguka kioo, mdogo anasema "papa, bataikula" (majirani watalila). Saa mbili na dakika tano ni pembetatu, ndogo kama kichwa cha kiberiti, kisha haikuwepo. Haikupasuka, iliishia tu. Majirani watatu kila mmoja akapoteza upande mmoja. Tatu zake na tatu zao, sita. Anayekuja anakuja na sita, na anayekwenda anakwenda na sita.

John von Neumann aliweka sheria yake mwaka 1952: chini ya pande sita linapungua, juu ya sita linakua, sita kamili linabaki, na mwendo unategemea pande tu, si ukubwa. Watoto hawakuamini, walichagua povu kubwa la pande tano wakaweka dau litashinda. Lilichukua hadi asubuhi, ila lilikwisha.

Hesabu, mapovu 164 kwa njia ya yaya: tatu 1, nne 15, tano 47, sita 54, saba 30, nane 13, tisa 4. Wastani 5.93. Mtawanyiko 1.43, na waliopima povu lililokaa muda mrefu wanapata karibu 1.4. Tango 0.80, sabuni 1.43, wote wastani wao ni sita. Kuko na kanuni nyingine, ya Lemaître, inayosema ukijua asilimia ya wenye pande sita unajua na mtawanyiko: zidisha ile sehemu kwa yenyewe, kisha gawanya 0.159 kwa jibu. Tango: inatabiri 0.78. Sabuni: 1.47, ingawa sabuni yangu iko nje kidogo ya eneo ambalo kanuni inafanya kazi. Si mbaya kwa njiti za kiberiti.

2 Oktoba: lava, imeshindwa

Hapa Goma mtu anasema nyufa anafikiria lava, tumejenga juu yake, kuta zetu ni yenyewe. Nikachukua moto (pikipiki) kwenda Buhene kwa lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ya 22 Mei 2021, kwenda na kurudi franga 4,000. Nilitaka nguzo za pande sita kama zile za Ireland ya Kaskazini zinazowekwa kwenye vitabu.

Hazipo. Nguzo za namna hiyo zinataka lava nene iliyopoa polepole, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya ganda. Ganda limejikunja kama kamba, limevunjika vipande, na watu wanavunja mawe ya kujengea kwa hiyo huwezi kujua ufa gani ni wa Nyiragongo na gani ni wa nyundo. Nikapata sehemu moja tu, ukubwa wa chumba, yenye nyufa zinazoeleweka. Zinakutana kwa umbo la T: ufa wa kwanza ulipita, wa pili ukaja ukagonga hapo ukasimama.

Nikahesabu kona, zikawa karibu nne. Majirani, wakawa karibu sita. Kitunguu na bloku za fundi kabisa! Domokos na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba vitu vinavyopasuka kwa kukatana hivyo vinaelekea wastani wa kona nne, na vile ambavyo nyufa zinafunga na kufunguka tena, kama matope ya mwaka hadi mwaka, zile T zinageuka Y na kona zinakuwa sita. Vipande vyangu ni 27 tu, siweki asilimia.

Gharama mpaka hapa, franga: kisomeo cha CD 2,000, verni 1,500, iyodi 1,000, matango matatu 1,500, kuchapisha karatasi 24 ni 4,800, plastiki 1,500, vioo viwili 6,000 na kile kilichovunjika 3,000, sabuni 1,000, megabaiti 3,000, moto 4,000. Jumla 29,300. Ukinisikiliza unaweza kutoa cha kuvunjika na moto.

9 Oktoba: maizena

Kwa ju lava imenikatalia, natengeneza nguzo zangu. Maizena (wanga wa mahindi) na maji kiasi sawa ndani ya kopo la maziwa, taa ya wati 60 juu, inakauka na kupasuka kama vile lava inavyopoa. Kwanza nilijaribu unga wa fufu kuokoa pesa: siku ya tatu ukaota kuvu na harufu ikaleta majirani mlangoni.

Maizena, siku ya pili zikaja nyufa chache kubwa za juu, nikadhani ndiyo hizo nikataka kuhesabu. Hapana, hizo ni za mwanzo tu. Umeme ukakatika siku moja na nusu, nikahamishia juani, mvua ikaja nikarudisha mbio. Siku ya saba nimepindua kopo, nimevunja keki kwa vidole: ndani kumejaa nguzo nyembamba zimesimama kama penseli kwenye boksi, za juu nyembamba, zinavyoshuka zinanenepa. Nimepiga foto ya chini. Nyingi naona tano na sita, ila sijachora fremu bado, na yaya anakuja Jumapili.